Alama ya Pili

Nohelia anapika shuleni kwetu, mlimani huku Kolombia, na supu yake ya ndizi mbichi binti yangu huila hadi kulamba sahani. Ndiye aliyemsimamia binti huyo ubatizo, ndiyo maana tunaitana komadre. Mumewe, Arcesio, alidondoka mtoni miaka miwili iliyopita, kutoka kwenye ule waya tunaovukia tukining'inia. Daraja tumeahidiwa na mameya watatu. Tangu mazishi sikuwahi kumwona Nohelia akilia wala kukasirika. Alipika, alifagia, alijibu akisalimiwa.

Uchaguzi ulipofika, mgombea wa umeya alikuwa mmoja tu, don Libardo, na kila mwenye kibarua cha halmashauri, hata wapishi wa shule, alijua la kufanya. Lakini karatasi zetu za kura zina kisanduku kingine, cha anayewakataa wagombea wote. Waliokataa wakizidi nusu, uchaguzi unarudiwa na watu wapya. Kijijini kwetu hakuna aliyewahi kukitia alama.

"Mimi nitakitia," Nohelia aliniambia akianika nguo.

"Komadre, una wazimu? Mkataba wako unaisha Januari. Na kituo chetu kina watu tisini tu, watakujua palepale."

"Najua."

"Sasa kura moja itamwangusha nani?"

"Sitaki imwangushe mtu. Nataka isomwe."

Alisema kama mtu anayeagiza chumvi dukani.

Wilmar, mpambe wa don Libardo, alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na lile tabasamu lake nisilolipenda. "Mama zangu, ikitokea kura moja ya kukataa hapa, hatutahitaji kupiga ramli kujua ni ya nani," alisema, macho kwa Nohelia. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mimi.

Makarani wa kura huku huteuliwa kwa bahati nasibu, na safari hiyo jina langu lilitoka. Saa kumi jioni tukafunga kituo, tukaanza kuhesabu. Nohelia akaja kusimama dirishani. Wilmar alikaa mlangoni na kikombe cha kahawa, akipiga soga na polisi. Wenzangu wawili walikuwa wameinamia orodha ya majina. Mimi nilikuwa nafunua karatasi, kalamu ya kujazia fomu mkononi.

Baada ya arobaini na kitu nikafika kwenye yake. Alama kubwa ndani ya kisanduku cha kukataa, imekandamizwa hadi karatasi ikatoboka kidogo. Nikafikiria Januari. Nikamfikiria Nohelia bila kazi, na mume hana. Sikufikiria zaidi ya hapo. Nikatia alama ya pili, juu ya picha ya don Libardo.

"Hii imeharibika," nikasema, nikaiweka pembeni.

Tulipomaliza nikasoma matokeo kwa sauti, kama sheria inavyotaka. Don Libardo, themanini na tisa. Zilizoharibika, moja. Za kukataa, hakuna.

"Nimewapenda bure, mama zangu," akasema Wilmar, akaenda kupiga simu.

Nohelia hakuondoka dirishani. "Rudia hiyo ya mwisho."

"Za kukataa, hakuna."

Akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake.

Januari mkataba wake ukaongezwa. Nilimfuata jikoni shuleni kumpongeza, na siri ikanishinda, nikamweleza nilichofanya. Tena nilisimama pale nikisubiri anishukuru. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Alikuwa akimenya mihogo. Hakuinua macho.

"Walipomtoa Arcesio majini sikusema kitu," akasema. "Mameya wamekuja hapa kula supu yangu, sikusema kitu. Nimesema mara moja tu, komadre, na ni wewe uliyeniziba mdomo."

Afadhali angenitukana. Aliniuliza kama binti yangu amepona kikohozi, kisha akachukua muhogo mwingine.