Ya Kituoni Hayasemwi

Rahila binti Masoud alisomea uuguzi na ukunga hapa hapa Pemba, kwa sababu baba yake hakuridhia avuke maji. Alipomaliza akapangiwa kituo cha afya cha Wambaa, kijiji alichozaliwa. Nyumbani walifurahi. Wagonjwa ndio hawakuja.

Si kwamba hawakuugua. Wanawake walipanda gari asubuhi wakaenda kutibiwa mjini, kwa watu wasiowajua. Shoga yake mmoja ndiye aliyemwambia ukweli: "Leo unanipima, kesho tuko pamoja jikoni kwenye shughuli. Nani atayataka hayo?"

Rahila aliumia, ila kila asubuhi alifungua kituo.

Mwishowe akaja Siti, jirani aliyeolewa mwaka uliopita. Alitibiwa, akaenda zake. Siku chache baadaye kukawa na harusi. Rahila alipokuwa jikoni akimenya vitunguu na wenziwe, Bi Mwatum, mama mkwe wa Siti, akamsogelea.

"Mwanangu, yule mkaza mwanangu ana nini? Mbona mimba haishiki?"

"Muulize mwenyewe, Bi Mwatum."

"Nakuuliza wewe. Nimekubeba mgongoni mie!"

"Najua, na sijasahau. Lakini ya kituoni siyasemi."

Jiko zima likageuka kuwatazama. Bi Mwatum akainuka, akajifunga kanga yake, akaondoka.

Nyumbani, mama yake Rahila akamjia juu: vipi amvunjie heshima mtu mzima mbele za watu? Kisha akashusha sauti. "Hebu niambie mie. Ana nini?"

Rahila hakumwambia. Mama akamnunia.

Haukupita muda mrefu wakaja kituoni wanawake wawili, wote walikuwa jikoni siku ile. Wakafuata wengine, mpaka foleni ikafika nje. Bi Mwatum hakuja. Hadi leo hutibiwa mjini Chake, na salamu ya Rahila huiitikia shingo upande.

Siku hizi chuo humpelekea Rahila wanafunzi wa mazoezi, wengi wao watoto wa vijiji vya kisiwani. Kupima presha na kuchoma sindano wamekwisha kujifunza. Yeye huanza na kufunga mlango na kufunga mdomo.

Mwaka huu yumo Widad, ambaye anaomba kwa Mungu apangiwe kwao, Konde.

"Wataniamini, Dada Rahila. Wananijua tangu mdogo."

"Ndiyo maana hawatakuja," Rahila akamwambia. "Miezi ya mwanzo utakaa na viti vitupu. Usihame."