Mpiga Besi wa Kwenye Picha

Niliwahi kupigwa picha nimeshika gitaa la besi kinyume, shingo yake upande wa kulia, vidole vimekakamaa kama ninamshika kuku wa kuchinjwa. Kulishika vile si kitu. Upuuzi wangu ni kwamba chini ya picha niliandika jina la mwenye besi, kana kwamba ndiye mimi, kisha nikaitia kwenye bahasha ya kuitangaza bendi.

Ilikuwa miaka ile soko la kahawa lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakamiminika Mbinga na mizani zao. Mmoja wao alijenga nyumba ya wageni Mbamba Bay, kando ya ziwa, akataka bendi ya kuifungulia. Maneno matupu hakuyataka. Alitaka bahasha yenye picha, kanda, na historia ya bendi iliyopigwa chapa. Bendi ya mtaani kwetu kanda ilikuwa nayo. Historia ndiyo hawakuwa nayo, wala mtu wa kuitunga, na hapo kiongozi wao akanikumbuka mimi, mwenye kidato cha nne na muda mwingi.

"Wewe si hutoki?" aliniambia. "Basi kaa humo humo utuandikie."

Nikaandika. Bendi ambayo sikuwahi kuiona jukwaani, maana inapoanza kupiga mimi nimeshajifunika blanketi la pili, niliiita "inayotikisa milima na ziwa." Milimani walikuwa wamepiga, nakubali. Ziwani ndiyo kwanza walikuwa wanaomba kwenda.

Siku ya picha mpiga besi hakuwepo. Alikuwa Mpepai, ukweni, msimu wa kuchuma kahawa, na mkwe mgeni haombi ruhusa ya kwenda kupigwa picha. Kiongozi alitaka tumsubiri. Mimi ndiye niliyekataa.

"Mpiga besi husimama nyuma," nikasema. "Nani humwangalia?"

Nikavaa koti lake la mitumba, mikono ya koti ikaishia karibu na viwiko vyangu, nikasimama. Kwa urefu wangu, hata huko nyuma nilionekana kuliko wote.

Mwenye nyumba ya wageni aliipenda picha ile mpaka akaitengenezea mabango, majina yale yale chini, akayapakia kwenye gari lake la kahawa yakabandikwe kila linakopita. Moja likafika Mpepai, ukutani kwenye ghala.

Sasa, baba mkwe wa mpiga besi hakuwahi kuamini kwamba besi ni kazi. Alikuwa amemwambia mkwewe: nionyeshe ushahidi, uende ziwani, ukikosa, utachuma hadi mbuni wa mwisho. Ushahidi uliosubiriwa ndio bango lile. Mzee akalisogelea, akasoma jina, akapandisha macho kwenye uso.

"Jina hili nalijua," alisema. "Mtu huyu simjui."

Mkwe akazuiwa kuondoka, na bila besi hakuna bendi. Kiongozi alikuja mlangoni kwangu, hata kuketi hakutaka.

"Mwandishi, vaa viatu."

Nilikwenda naye Mpepai juu ya magunia matupu, nyuma ya gari la wazi, baridi ikinikumbusha mablanketi yangu. Mzee tulimkuta anazungusha mashine ya kumenya kahawa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ndiye wewe wa ukutani?"

"Ndimi, baba. Besi siijui hata kidogo. Mwenye besi ni huyu mkweo."

Mkwe mwenyewe aliinamia kikapu chake, kama adabu inavyotaka, ila sikio moja alikuwa ametuachia. Mzee akanikagua mikono.

"Kwenye picha ulisimama mahali pake?"

"Ndiyo, baba."

"Vizuri. Yeye aende ziwani. Wewe simama mahali pake na hapa, mpaka arudi."

Papo hapo mpiga besi akanivika kamba ya kikapu shingoni na kupanda gari.

Nikachuma. Nilichuma nyekundu, nikachuma na kijani, na majani yake. Mama mkwe aliketi jioni akizichambua upya punje kwa punje, nami nikaona afadhali angenitukana. Mbamba Bay, nasikia, walipiga vizuri, na mwenye nyumba akawauliza yule mrefu yuko wapi. Walimjibu yuko ukweni. Akacheka, akawaambia wampe pole.

Niliporudi Mbinga, jirani yangu, mama mwenye mibuni yake nyuma ya nyumba, alikuwa anafagia uwanja. Habari zilikuwa zimenitangulia. Bango lilikuwa bado kwenye duka lililotukabili. Alitazama vidole vyangu vilivyochubuka, akatazama bango, akarudi kwenye vidole.

"Gitaa hujui, kahawa hujui. Ingia ndani ulale."