Uwanja Wangu Mweupe na Kisima cha Watu

Mwanangu, kaa nikusimulie mvua ya kwanza iliyonikuta nikiwa mke wa mtu, na aibu iliyoniletea. Nilikuwa nimetoka Tabora mjini nikaolewa Ulyankulu, mgeni kabisa, na nilitaka wakwe wanisifu kabla mwezi haujaisha. Unajua tunavyosifia usafi kwetu: uwanja usio na hata jani moja, basi hapo pana mke. Nikashika jembe. Nikang'oa nyasi zote toka mlangoni hadi njiani, nikachoma majani makavu, kisha nikachimba mtaro ulionyooka ili maji yashuke haraka yasituchafulie. Weee, nilijiona fundi!

Mvua ikanyesha. Maji yaliufuata mtaro wangu, yakashuka kwa kishindo hadi bondeni, kwenye kisima kifupi ambacho kaya zote za upande ule zilikitegemea. Asubuhi tulikuta tope tupu. Wanawake wamesimama na ndoo zao, wengine na watoto mgongoni, na kisima kingine cha karibu hakuna. Mmoja akauliza, "Nani katuletea balaa hili?" Nilijua wakigundua ni mimi, nitaitwa mharibu kisima mpaka nizeeke.

Mama mkwe wangu, mwanamke mfupi aliyezaliwa milimani Burundi, ulimi mkali, Mungu amrehemu, akatua ndoo yake.

"Ni uwanja wetu," akasema. "Tutakisafisha sisi."

Hakunitazama. Tulichota tope mpaka viganja vikachubuka, na neno hakunipa. Afadhali angenigombeza!

Wiki mbili baadaye uyoga ulichipuka. Akanipa kikapu tukaingia porini, na huko mvua kubwa ikatulowesha chapachapa.

"Haya, mkamwana, nionyeshe mtaro wa msitu uko wapi."

Nikatafuta. Haupo. Chini ya miombo maji yalipita taratibu kwenye majani makavu, yakakwama kwenye nyasi na mizizi, yakazama.

"Na huku anafagia nani?" akauliza, akacheka peke yake. Mimi nililia, maana nilikuwa nimeelewa.

Tuliporudi tukaufukia mtaro. Tukachimba makingamaji, yaani mifereji mifupi inayokata mteremko badala ya kuufuata, tukapanda matete kwenye kingo zake. Majani makavu nikayaacha chini ya miti. Majirani walinicheka, eti bibi harusi mvivu. Waache wacheke! Mwaka ule kisima kilitoa maji safi hadi kiangazi kikaisha, na waliocheka wakaja kuuliza makingamaji yanachimbwaje.

Sasa wewe unayejenga, nisikilize. Kabla hujamwaga zege uwanja mzima, simama nje mvua ikinyesha utazame maji yanapita wapi. Yapunguzie mwendo. Yaachie nyasi, yaachie mahali pa kuzama. Usifurahie kuona yametoka kwako upesi, kwa sababu huko yaendako kuna mtu anaishi. Na ukimharibia mtu huyo, mwanangu, fungua mdomo useme ni wewe. Mimi nilinyamaza siku ile, akasema mama mkwe, na alikufa sijamwambia asante. Hilo linaniuma hadi leo.

Mungu akupe mvua za kutosha na nyumba imara, na akupe ujasiri ambao mimi sikuwa nao pale kisimani.