Aliye Juu Hasemeshwi

Kwetu Kwale mtu akiwa juu ya mnazi hasemeshwi. Haitwi, haulizwi kitu, haambiwi hata kwamba mvua inakuja. Baba yangu alikuwa mkwezi, na kofi la kwanza ninalolikumbuka nilizabwa kwa sababu hiyo: nilimwita akiwa kileleni, nimwambie chai iko tayari. Aliteremka polepole, akanizaba, kisha akakaa akanywa chai yake. Alisema aliye juu akiitwa hugeuka, na akigeuka mikono husahau ilichokishika. Nililishika somo hilo vizuri mno.

Kazi hiyohiyo ya ukwezi ndiyo iliyonileta Dubai, na baadaye nikamvuta shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Kampuni yetu ilipewa miti ambayo winchi haiwezi kuifikia: miarobaini iliyolalia mapaa ya maegesho ya magari, mitende mizee iliyobanwa kati ya nyumba na ukuta. Mmoja hupanda, mwingine hubaki chini na kamba. Mimi magoti yalikuwa yamechoka, kwa hiyo mpandaji akawa yeye. Chumbani kwetu Qusais pia alichukua kitanda cha juu. Nilimwambia ipo siku atanikanyaga usoni akishuka kwenda kuswali, na alinikanyaga kweli, mara mbili.

Asubuhi hiyo tulipelekwa Al Twar, kwenye nyumba ya madam mmoja aliyetaka mtende wake uondolewe kabla haujaangukia ukuta wa jirani. Fomu ya usalama fomeni aliijaza ndani ya gari, tiki zote, hata ile ya kwamba mti umekaguliwa. Sikusema kitu. Nilipofika niliinua macho, nikaona kichwa cha mtende ni kibichi, makuti yamesimama, nikaridhika. Mnazi husomwa kichwani. Shina likioza, kichwa hunyauka. Basi tukausoma mtende kama mnazi, sote wawili, watu wazima tuliozaliwa chini ya minazi.

"Huyu namba wani," fomeni alisema akimpiga shemeji begani, akitaka tumalize haraka. "Yalla, leo mapema khalas."

Nikamtania, "Angalia, mgema akisifiwa tembo hulitia maji."

"Hapa tembo liko wapi, shemeji? Maji ndiyo hayohayo," akajibu, akajifunga mkanda mpana unaozunguka kiuno na shina, akaanza kupanda akikanyaga vigutu vya makuti ya zamani.

Alipokwisha kufika juu nikaanza kusogeza matawi ya bogonvilia yaliyofunika shina, kamba isinase. Hapo nikanusa tembo lililochacha. Nikainama. Usawa wa paja langu palikuwa na tundu, limetoka ute wa kahawia na nyuzinyuzi zilizotafunwa. Niliingiza vidole, nikaingiza kiganja, mkono ukaingia mpaka kwenye saa. Ndani mlikuwa hamna kitu, ila mdudu mmoja mwekundu aliyenipanda kidoleni, wa wale wanaoula mtende kwa ndani huku kichwa kikibaki kibichi.

Nikatazama juu. Alikuwa amenipa mgongo, amefungwa kwenye shina lile, anashusha makuti moja moja kwa msumeno wa mkono. Hakukuwa na kelele yoyote. Ningemwita angenisikia. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua, naapa, na kilichoufunga ni kofi la baba. Nikajiambia atashuka kunywa maji kabla ya kuwasha msumeno wa mashine, huwa anashuka, nitamwambia hapo. Nikasimama na kamba yangu, nikahesabu makuti yaliyobaki. Sita. Manne. Nilikuwa na muda wa kumwita mara kumi.

Siku hiyo hakushuka. Alivuta msumeno wa mashine kwa kamba yake akauwasha hukohuko, na kuanzia hapo hata ningepiga mayowe asingesikia. Nilipiga mayowe. Kichwa cha mtende kilikatika, kikaanguka, na shina likarudi nyuma kwa kishindo likavunjika pale penye tundu. Mkanda haukukatika. Ulikuwa mkanda mzuri, ukamshikilia kwenye shina mpaka chini.

Hakufa. Mgongo ulivunjika, akakaa hospitali wiki nyingi, akarudishwa nyumbani amelazwa kwenye ndege. Watu wote walisema ajali haina kinga. Nikawa namchukia kila aliyesema, maana ile ilikuwa nayo, na nilikuwa nimeifumba kinywani. Mke wangu nilimweleza kila kitu. Kwenye simu akasema, "Ulifanya ulivyofunzwa." Naye ni mtoto wa mkwezi. Wazee wa kwetu walisema vilevile, hata wakanisifu.

Shemeji mwenyewe ndiye aliyebaki kuambiwa. Kila siku ya mapumziko nilimpigia, tukaongea habari za kuku na za mpira, yeye akiuliza kitanda chake cha juu kimepewa nani. Niliendelea hivyo karibu mwaka mzima. Mwisho nikashindwa. Nikamwambia nililiona tundu akiwa bado anakata makuti, mashine haijawaka, na kwamba nilinyamaza kwa sababu aliye juu hasemeshwi.

Nilisikia feni ikizunguka chumbani kwake. Nilingoja aseme kwamba nilifanya nilivyofunzwa, kama walivyosema wote.

"Ungeniita tu, shemeji," akasema.