Herufi Hailali Nje

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha chapa cha misheni, kule Iramba, nilikatazwa kugusa herufi. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kipaimara na kujipaka mafuta mpaka magotini, nikidhani nitakalishwa mezani kama karani. Fundi Mkuu, ambaye jina lake lilikuwa Yona ingawa hakuna kati yetu aliyethubutu kulitamka, alinipa ufagio na ungo. "Fagia chini ya mashine, kisha upepete," akasema. Nikapepeta lile vumbi kama ninavyopepeta uwele nyumbani, na kwenye ungo vikabaki vipande viwili vyembamba vya madini ya risasi, kila kimoja na herufi kichwani. Akavipokea kwa mikono miwili.

"Herufi hailali nje," akaniambia. "Ikianguka, tafuta. Jioni kila moja iwe chumbani kwake."

Nyumba ya herufi ilikuwa kasha la mbao, pana kama sinia la pilau, lililogawanywa vyumba vidogo vidogo. Mpanga herufi alisimama mbele yake na kifaa cha chuma mkononi, anaokota herufi moja moja, anazipanga kinyumenyume mpaka mstari unakamilika. Mistari ikitimia ukurasa, inafungwa ndani ya fremu ya chuma na kubanwa kwa kabari, kisha inapelekwa kwenye mashine ya kanyagio, rola zinaipaka wino na karatasi inagandamizwa. Ninyi mnaobonyeza kioo cha simu na maneno yakajipanga yenyewe, sina ugomvi nanyi. Nawaonea huruma kidogo tu, kwa sababu hamjawahi kujua neno lina uzito gani mkononi.

Baada ya miezi ya ufagio nilikabidhiwa kasha, na hapo ndipo udadisi ulipoanza kunisumbua. Chumba cha e kilikuwa kikubwa na kimejaa pomoni, chumba cha a kidogo na a zenyewe za kuhesabu. Nikamuuliza Fundi Mkuu sababu. Alifurahi, maana hakuna aliyekuwa amemuuliza. Akanieleza kwamba kasha lilitengenezwa Ulaya, kwa lugha za huko, na huko e ndiyo inayoliwa sana. Sisi tunakula a. Neno moja kama "wanakaa" linameza a nne kwa mkupuo, na kabla ya kufika katikati ya ukurasa chumba ni kitupu.

Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu. A zikiisha, mahali pake tuliweka mgeni. Mgeni ni herufi nyingine yoyote yenye upana uleule, iliyosimamishwa kichwa chini miguu juu, ili mstari usilegee. Kwenye karatasi ya majaribio mgeni alitoa vijistari viwili vyeusi, ambavyo hata kipofu angeviona. Ukurasa mwingine ukishachapwa na kubomolewa, unachukua a zake, unamtoa mgeni, unamweka mwenye nyumba. Fundi Mkuu alipenda kusema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," na kwetu siku ya tatu haikuwapo kabisa.

Sasa niseme jambo lililonikalia moyoni tangu nikiwa msichana.

Tulipewa kazi ya kitabu kidogo cha nyimbo. Ukurasa wake wa kwanza ulikuwa wa kumkumbuka mchungaji wa zamani wa usharika mmoja, marehemu Manase. Ukurasa huo niliupanga mimi. Niliweka wageni wanne, na nakumbuka vizuri kuwatoa watatu. Kesho yake nikaitwa Mkalama kwenye msiba wa bibi yangu, nikakaa huko mpaka matanga yalipoanuliwa.

Niliporudi, vitabu vilikuwa vimekwisha kushonwa na kugawiwa, na Meneja wa misheni alikuwa amesimama katikati ya kiwanda na kimoja mkononi, uso umemwiva. Katikati ya jina la marehemu, mahali pa a, palikuwa na vijistari viwili vyeusi.

"Mjane wake amekifungua mbele ya usharika mzima!" akasema. "Ameniuliza kwa nini jina la mumewe limefutwa. Nani amefanya hivi?"

Nilijua ni mgeni wangu wa nne. Fundi Mkuu akafuta mikono kwa kitambaa chake, taratibu, akasema, "Ukurasa ule ulikuwa mikononi mwangu, Meneja."

Basi. Nami nikamwacha aibebe lawama. Wiki ile ile akahamishiwa ghala la karatasi, mtu aliyefundisha wapanga herufi wote wa eneo lile, na kabla ya mvua kuanza akaaga, akarudi kwao Sepuka kulima alizeti. Mimi nikapandishwa nikachukua meza yake. Hebu fikirini.

Nilidumu kwenye meza ile mwaka mmoja, kisha nikakimbilia Singida mjini, kwenye duka la chapa la familia ya wafanyabiashara. Mwenye duka tulimwita Tajiri, mtu mpole mwenye kofia safi daima. "Binti," aliniambia siku ya kwanza, "kadi ya harusi ikikosewa, ndoa haivunjiki. Lakini huyo mteja hutamwona tena mpaka kiama." Kwake nilijifunza wino wa dhahabu, herufi za mbao za mabango, na namna ya kutambua kazi ya kila duka kwa makovu ya herufi zake. Herufi ikivunjika mguu, itachechemea kwenye kila ukurasa itakaposimama. Kutoka hapo nikaenda ofisi moja ya serikali, kwenye stensili na mashine za kurudufu, kazi ya mikono myeusi isiyo na herufi ya kushika. Huko ndiko nilikostaafia.

Ukusanyaji ulianzia kwa Tajiri. Mashine mpya zilipoingia, risasi ikaanza kuuzwa kwa kilo kwa mafundi wa betri. Nilipoona kasha zima likimwagwa kwenye gunia niliumia kama naona watoto wanatupwa, nikatoa mshahara wangu kulinunua. Tajiri alitikisa kichwa. "Wenzio wananunua vitenge, wewe unanunua vyuma!" Kiwanda cha misheni kilipofungwa nikaenda kulichukua kasha langu la zamani. Leo nyumbani kwangu Unyambwa kuna chumba ambacho wajukuu wanakiita makaburini. Kuna makasha, kabari, matangazo ya mnada, tiketi za mabasi yaliyokufa, ratiba za ibada, kila karatasi na maelezo yake. Niulize karatasi yoyote ilichapwa wapi, nitakujibu. Kitu kimoja tu sikukidadisi: kile kitabu cha nyimbo. Nilikuwa na nakala moja yenye vijistari viwili, nikaifungia sandukuni kama hati ya hukumu yangu.

Na Fundi Mkuu je? Nilimwona mara mbili sokoni Singida, ameketi juu ya magunia yake ya alizeti. Mara zote mbili niliingia duka la vitambaa, nikajifanya nachagua khanga mpaka akaondoka. Sikumpa hata shikamoo. Alipofariki nilituma rambirambi kwa mkono wa mtu.

Mwaka jana mwinjilisti mmoja wa Mkalama aliniletea vitabu vilivyochakaa nivishone upya. Kimoja kilikuwa kile. Nilikifungua nikiwa nimekaza meno, nikaangalia jina la marehemu, na a ilikuwa mahali pake, imenyooka kabisa.

Nilichukua lenzi. Nilidhani pengine walichapa upya. Lakini k ya mstari wa pili ilikuwa na mguu uliovunjika, ileile, pale pale, kama kwenye nakala yangu. Ulikuwa ukurasa uleule niliofunga kwa mikono yangu. Sikulala vizuri wiki nzima. Kisha nikafunga safari, miguu hii mibovu, nikazunguka sharika za Iramba na Mkalama nikiomba kuona vitabu vya zamani. Wengine walidhani nimetumwa kuvinyang'anya. Nilipata saba. Vitatu vilikuwa na a safi. Kimoja a ilikuwa imeinama, imepauka, nusu imetoka mstarini. Vitatu vilivyobaki vilikuwa na mgeni.

Mtu wa chapa hahitaji kuelezwa zaidi. Mgeni wangu wa nne nilimtoa. A ilikaa, ikaanza kuchapwa vizuri, kisha kabari zikalegea na rola zenye wino mzito zikaichomoa. Aliyekuwa kwenye mashine akaweka mgeni kuzuia mstari usibomoke, na akasahau kumtoa. Mimi wakati huo nilikuwa matangani.

Nilikwenda Sepuka. Mjane wa Fundi Mkuu, Mama Daudi, alikuwa uani akichambua alizeti. Nilimpigia shikamoo, nikajitambulisha, nikamweleza yote bila kupumua. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Mpiga mashine aliumwa siku ile, mzee akakanyaga mwenyewe. Herufi ikachomoka, akaitafuta asiione. Akaweka hicho mnachokiita mgeni, akasema aende kwenye kasha kutafuta nyingine. Meneja akamwita kupokea wageni wa sinodi. Aliporudi akaendelea kukanyaga. Alisema kweli tu, mwanangu. Hakumfichia mtu."

"Mimi nilidhani ananibebea."

"Na yeye alidhani unamdharau." Hakusema kwa ukali, na hilo liliniumiza zaidi. "Alikuona sokoni ukijificha. Akaja akaniambia, yule binti niliyemfundisha ameona aibu kunisalimia kwa sababu ya lile kosa. Hakuacha kulitaja."

Nililia pale uani, mtu mzima na mvi zangu. Maisha yangu yote nimeuliza makaratasi yaliyokufa maswali, na mtu aliyekuwa hai, ameketi juu ya magunia hatua ishirini kutoka nilipo, nikashindwa kumuuliza moja.

Mama Daudi aliingia ndani akarudi na kibati cha dawa ya kikohozi. Ndani mlikuwa na a moja ya risasi, uso wake umepondeka. Mzee aliipata wiki aliyohamishiwa ghala. Alichukua ufagio na ungo, akafagia chini ya mashine mwenyewe, akapepeta.

Alinipeleka kaburini, nyuma ya shamba. Nikapiga goti, nikatoa shikamoo niliyoikalia miaka yote ile. Kisha nikarudi Unyambwa kabla jua halijazama, nikafungua kasha la misheni, na ile a nikaiweka chumbani kwake.