Mama Mashine na Dumu la Spiriti

Siku ya kwanza kumwona Mama Mashine nilidhani ni ajuza. Alikuja kwenye kibanda changu cha ufundi akisukuma toroli lenye injini ya mashine ya kusagia nafaka. Nywele, nyusi, mpaka kope zake zilikuwa nyeupe pe.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia kwa sauti nzito ya kizee. Kisha akajifuta uso kwa kitambaa cha kichwa, unga ukadondoka, nikaona ni mwanamke wa umri wangu, tena amebana kicheko.

"Shikamoo ikishatolewa hairudishwi," alisema. "Haya mwanangu, mtengenezee mama yako mashine."

Tangu hapo aliniita mwanangu mbele ya wateja wote. Mimi mbele ya watu maneno hunikauka, kwa hiyo nilitabasamu tu na kuinamia kazi.

Chumba chake cha kusagia kilikuwa nyuma ya soko. Mashine aliinunua marehemu mumewe. Binti yake alipokea nafaka na kupima. Mama mkwe wake alikaa mlangoni juu ya gunia, akisimamia foleni na kusema lolote lililomjia mdomoni. Mama Mashine mwenyewe alisimama pale unga unapotoka, kiganja chake ndani ya unga. Ukitoka na joto kali, alipunguza nafaka. Hakuangalia, alishika tu, huku anapiga soga.

Halafu petroli ikaanza kupanda bei. Ilipanda, ikatulia kidogo kama mtu anayevuta pumzi kwenye ngazi, ikapanda tena. Hakutaka kuwabana wateja, maana wengi walileta nafaka kidogo tu, imefungwa kwenye kitambaa. Akawa anawasha mashine siku moja, siku mbili anafunga. Mnunuzi wa vyuma chakavu naye akaanza kupitapita, akiigonga mashine kwa kidole kama anachagua tikiti maji.

"Shemeji, niuzie nikupunguzie mzigo," alimwambia.

"Kapunguze kwanza hicho kitambi," mama mkwe akamjibu kutoka mlangoni.

Watu walicheka. Mama Mashine hakucheka. Baadaye aliniambia kwamba hana kazi nyingine anayoijua, na mama mkwe hana mtoto mwingine wa kumtunza. Mashine ikiondoka, hakujua watakula nini.

Wakati huo kiwanda cha sukari kilikuwa kimeanza kuuza spiriti wanayoitengeneza kwa mabaki ya miwa, hiyo ambayo redioni huitwa ethanoli. Watu waliinunua kwa ajili ya majiko, na bei yake haikuwa ya kutisha. Mama Mashine akaja kwangu amebeba dumu.

"Petroli inawaka, na hii inawaka," alisema. "Mashine itajuaje?"

"Itajua," nikamjibu.

Spiriti inatakiwa kuingia kwa wingi kuliko petroli, kwa hiyo nilipanua tundu dogo la kabureta linalopitisha mafuta, nikabadilisha na mpira wa mafuta. Injini ikiwa ya baridi spiriti haishiki moto upesi. Nikamwelekeza aanze na petroli kidogo, ikipata moto ndipo afungue spiriti.

"Nimeelewa. Petroli ni chai, spiriti ndiyo chakula."

Siku ya kuijaribu, foleni ilijaa mpaka nje, wengine hawana hata nafaka.

"Mashine imelewa!" mmoja alipiga kelele aliposikia harufu. "Unga wake hautatupepesusha?"

"Miaka yote najisifu mke wa mwanangu hanywi," mama mkwe akasema, "kumbe anainywesha mashine!"

Lakini mashine ilisaga, na unga ulitoka laini. Akawa anafungua kila siku.

Haikupita muda mrefu, ikaanza kukohoa. Kila siku ikawa dhaifu kuliko jana yake, mpaka ikazimika katikati ya gunia la mtu. Nikafungua plagi, nzima. Kabureta, safi. Nikavuta kamba ya kuwashia mpaka mkono ukafa ganzi. Wateja wakajitwika nafaka zao wakaondoka mmoja mmoja. Mnunuzi wa vyuma akafika na mkokoteni, kwa kuwa Mama Mashine alikuwa ameshamwambia: hii ikishindikana, njoo uchukue.

"Niambie ukweli, mwanangu. Imekufa?"

Mlangoni hakuna aliyetania. Nikavuta tena kamba, wapi.

"Basi tuijaribu mara ya mwisho," alisema. Akamimina kwenye tangi spiriti iliyobaki kwenye dumu, akachota maji kikombe kimoja, akayatia ndani ya dumu, akalitikisa vizuri, akaliinua ayamimine nayo humo.

"Acha!" nikapiga kelele.

Wote waligeuka kunitazama. Hawakujua kama nina sauti.

"Nasuuza," alisema kwa mshangao. "Iliyobaki humu nayo nimeinunua."

"Kila dumu unasuuza?"

"Kila dumu! Kama chupa ya mafuta ya kupikia. Tena yanachanganyika vizuri, hata huyaoni."

Kumbe ndiyo hiyo. Ukitia maji kwenye petroli yanajitenga chini, utayaona. Spiriti huyameza. Nikachota kwenye tangi kizibo kimoja, nikawasha kiberiti. Moto wa bluu ukawaka kidogo, ukazimika, kizibo kikabaki na maji. Nikafungua dumu jipya lililokuwa pembeni, nikachota, nikawasha. Hiyo iliwaka mpaka kizibo kikakauka.

Mama mkwe alikuja kuchungulia. "Kwa hiyo haikulewa," alisema. "Iliuziwa pombe ya mwenye baa mwizi!"

Mama Mashine alicheka mpaka akakaa sakafuni. Tukamwaga ya kwenye tangi, tukajaza mpya, tukaipa chai yake ya petroli. Ikanguruma mara moja. Akarudisha kiganja kwenye unga. Mnunuzi wa vyuma aliondoka na mkokoteni mtupu. Kesho yake aliurudisha na mahindi ya kusaga.

Wenye mashine wengine wakaja kuona, na kila mmoja ikabidi nimweleze kwa mdomo wangu. Nilizoea.

Baadaye Mama Mashine alinunua injini ya pili ili aipeleke kwa dada yake, mbali, ambako petroli ni adimu na wanawake hutembea nusu siku kwenda kusaga. Mashine ya zamani akamwachia binti yake. Siku ya kuondoka, mama mkwe aliketi mbele ya lori kama bibi harusi. Mama Mashine alipanda nyuma, kando ya injini. Nywele zake zilikuwa na weupe kidogo, na safari hii haukuwa unga.

"Shikamoo," nikamwambia, kwa makusudi.

"Marahaba, mwanangu."

Lori likaondoka. Akajiinua, akaniita kwa nguvu mpaka soko zima likasikia:

"Mwambie mdogo wako, tone likibaki kwenye dumu, aliache libaki!"