Marcelina Anamsimulia Mumewe

Stanislausi alikuwa anamjengea jirani jiko pale Butiama, mwiko wa uashi mkononi, alipolegea upande wa kulia na kuteleza ukutani mpaka chini, polepole, kama mtu aliyeamua kupumzika. Kiharusi. Aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali Musoma alikuwa hai, lakini mkono na mguu wa kulia havikumtii, na mdomo haukutoa neno. Naye alikuwa mtu wa maneno. Akikutana na rafiki njiani, ng'ombe walikuwa wanatangulia kufika nyumbani bila yeye.

Mkewe, Marcelina, hakulia mbele ya watu. Alimwosha, akamlisha, akamgeuza asipate vidonda. Shamba la mtama lilipitwa na msimu bila kuguswa. Binti yao Agness, muuza vitenge sokoni Bunda, alikuja kila alipopata nafasi, kisha akarudi kwa watoto wake. Majirani walikuja wengi mwanzoni, wakapungua. Hakuwalaumu; ugonjwa mrefu huchosha hata wanaoutazama.

Dada wa hospitali aliyemfundisha kumnyoosha mgonjwa viungo alikuwa amemwambia azungumze naye kila siku, hata asipojibu. Kumbe hiyo ndiyo kazi iliyomshinda, kuliko hata kumwinua. Utamwambia nini mtu aliyekaa kimya? Alimpa habari za kuku na za mvua. Habari zilipokwisha yakaja malalamiko: magoti, kuni, ng'ombe aliyekataa kukamuliwa. Siku moja akamlalamikia yeye mwenyewe, kwamba waliahidiana kuzeeka pamoja, na sasa amemwachia uzee wote aubebe peke yake. Stanislausi alifumba macho, chozi likamtoka pembeni. Marcelina alitoka nje, moyo ukimsuta. Katika sala zake za siku hizo aliomba sana, lakini sehemu ya kushukuru aliiruka. Hakuona la kushukuru.

Ndipo kaka yake Magesa alipokuja kuwaona kutoka Suguti, kule ziwani alikozaliwa Marcelina, akawaletea ningu, samaki watamu wenye miiba mingi kama sindano. Marcelina aliwachemsha kwa nyanya na chumvi, akaketi kitandani, akawa anatoa mwiba mmoja mmoja kwa vidole kabla ya kumtia mumewe tonge mdomoni. Vidole vikiwa kazini, kitu kikamjia, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka sahani chini.

"Baba Agness," alisema, "unakumbuka ulivyokuwaga huijui miiba?"

Akamsimulia. Alipoletwa Butiama bibi arusi, alijikuta kwa watu wa ng'ombe na maziwa, ambao harufu ya samaki ilikuwa inawakimbiza kutoka jikoni. Alikaa wiki nyingi akila bila hamu, haya zikimzuia kusema. Hakujua kwamba mumewe ameona. Siku moja Stanislausi alipanda baiskeli mpaka Musoma, akarudi na ningu wamefungwa kwenye majani. Mama yake alinung'unika kwamba nyumba itanuka. Stanislausi hakubishana, aliketi mbele ya wote akala samaki kwa mara ya kwanza maishani, kwa fujo, kama anayekula maharage. Mwiba ukamkwama kooni. Mama mkwe yuleyule aliyenung'unika ndiye aliyekuja mbio na bonge la ugali, akimwamuru alimeze bila kutafuna.

Mdomo wa Stanislausi, ule upande uliokuwa mzima, ulivutika juu kidogo. Marcelina aliuona.

Tangu hapo, kila alasiri baada ya kazi, aliketi pale kitandani akasimulia. Hakupanga, kumbukumbu moja iliivuta nyingine. Nyingine zilikuwa nzito. Alisimulia miaka yao ya kukosa mtoto, na siku baba wadogo wa Stanislausi walipokuja kumshauri aongeze mke. Marcelina alikuwa jikoni akisonga ugali, akasikia yote. Alisikia pia jibu la mumewe: "Mimi nimeoa Marcelina. Watoto wakija, wawe wake. Wasipokuja, yeye ananitosha."

Alipofika hapo alimsogelea karibu. Alimshika ule mkono usio na nguvu.

"Ulivyoingia ulinikuta nasonga, nikakuuliza kama una njaa. Sikusema kitu kingine. Asante, Baba Agness. Niliisikia kauli yako siku ile, na mpaka leo inanilisha."

Jioni hiyo, aliposali, hakuruka sehemu yoyote.

Siku nyingine alikuwa anasimulia safari yao ya kwenda kwa daktari Bunda, yeye amebebwa nyuma ya baiskeli. Mvua iliwakuta njiani, akasema, wakajibanza kwenye kibaraza cha duka. Stanislausi alitikisa kichwa. Marcelina akarudia kwamba lilikuwa duka, tena lilikuwa limefungwa. Mumewe akakunja uso, shingo ikakakamaa, na sauti nzito, iliyoparuza, ikatoka.

"Ka... nisa."

Marcelina alimshika uso kwa mikono miwili. Kisha, maana wameoana miaka mingi, akabisha.

"Duka."

"Kanisa."

Alimpigia Agness simu huku machozi yanamdondoka, akamwambia baba yako amepata maneno, na neno lenyewe ni la kunibishia.

Mengine yalifuata taratibu, moja leo, mengine wiki ijayo. Hayakurudi yote. Mkono wa kulia haukushika mwiko tena, na shida za nyumba hazikuhama: Marcelina bado alilima peke yake, na magoti bado yalimuuma. Lakini Stanislausi alijifunza kutembea na fimbo mpaka mlangoni, na majirani, waliposikia wawili hao wakibishana kuhusu mambo ya zamani, walianza kupita tena.

Alasiri moja Marcelina alikuwa anasimulia jinsi Agness alivyozaliwa, na jinsi yeye Stanislausi alivyopokea habari bila kubadilika uso, akaenda zake kuangalia ng'ombe kama siku yoyote.

"Nili... lia," alisema Stanislausi.

"Lini?"

"Siku hiyo. Zizini." Alipumua, akayatafuta maneno. "Sana."

Marcelina alimtazama mumewe. Miaka yote hiyo hakulijua hilo.

"Nani alikuona?"

Stanislausi alinyoosha fimbo kuelekea zizini.

"Ng'ombe," akasema.